Nyekundu ya Léocadie

Kiti cha tatu kutoka dirishani hakikukaliwa tena. Mama yangu, Zélie, aliendelea kufanya kazi kwenye kiti cha nne miaka mingi baada ya vita, mpaka karakana ya picha ya Remonvaux ilipofungwa, na muda wote huo kushoto kwake palikuwa na ubao mtupu, ndoano tupu ukutani, na bakuli la rangi lililofunikwa kifudifudi. Wasichana wapya walibanana mwisho wa meza, viwiko vikigongana, kuliko kukaa pale. Hakuna aliyewakataza. Ukiuliza kiti kile ni cha nani, wanawake waliinamisha vichwa wakaendelea kupiga brashi. Mji mzima ulinyamaza hivyo. Nilikulia ndani ya ukimya huo, na kadiri umri unavyosogea ndivyo unavyozidi kuniudhi.

Kiti kilikuwa cha Léocadie Thiriet.

Baba yake alikuwa mpasua mbao, akafa chini ya gogo kule msituni. Mama yake alifuata baadaye kwa ugonjwa wa kifua. Léocadie alibaki msichana mwenye mgongo mpana na sauti ya kuitia ng'ombe, na mdogo wake, Anselme, aliyekuwa bado anajikojolea. Alimlea kwa supu ya viazi iliyopakwa harufu ya mafuta ya nguruwe, kwa vibao vya kisogoni, na kwa mshahara wa karakana. Hakuolewa. Wanaume wawili waliwahi kumtaka, akawauliza wote swali moja: "Na Anselme atalala wapi?" Jibu halikumridhisha.

Kazi ya karakana ilikuwa hivi. Mashine ilichapa mistari myeusi ya picha: mtakatifu na punda wake, mfalme juu ya farasi, askari na ngoma. Kisha karatasi ilikuja mezani kwa wanawake kutiwa rangi. Kila rangi ilikuwa na kiolezo chake, bati jembamba lililotobolewa pale tu rangi hiyo inapotakiwa. Unalaza bati juu ya picha, unapitisha brashi nene ya mviringo, unainua, unamsukumia mwenzako. Njano kwanza, kisha bluu na kahawia, zote mbili kwa mkono mmoja. Nyekundu ilikuja mwisho, kwa sababu nyekundu haisamehe. Bati likisogea kidogo tu, joho la mtakatifu linahamia kwa punda. Hilo waliliita kuteleza. Picha iliyoteleza ilichanwa mbele ya watu wote, na aliyeiharibu aliitwa "mke wa punda" mpaka mwingine ateleze.

Léocadie alishika nyekundu tangu akiwa msichana. Hakuwahi kuitwa mke wa punda.

Anselme alipofikisha umri wa kufanya kazi aliingizwa chumba cha nyuma, akawa mkata mabati. Alikuwa na vidole vya mpiga fidla. Alikata tundu la jicho la njiwa bila kuacha kovu kwenye bati. Kwa hiyo kila picha iliyotoka Remonvaux, ikapigiliwa misumari jikoni na zizini toka kwetu hadi baharini, ilipita mkono wa kaka ikaishia mkono wa dada. Walikuwa wakizozana kupitia ukutani siku nzima.

"Anselme! Midomo ya huyu Bikira umeikata kama ya muuza samaki!"

"Nimeiga yako, dada!"

Wanawake walicheka mpaka mzee Valdenaire, msimamizi, akagonga fimbo sakafuni. Naye alikuwa anacheka.

Vita vilipokuja Anselme alipelekwa kwenye mizinga. Mwaka wa tatu wa vita walitafutwa watu wa kuingia kwenye kitu kipya, magari ya chuma yanayotembea juu ya mashimo, vifaru. Alikuwa mpenda mitambo tangu utotoni. Aliinua mkono. Léocadie alipopata habari alivunja sahani, kisha akaokota vipande akavigundisha, maana sahani hazikuwepo.

Vifaru vile vilitumwa vitani kwa mara ya kwanza mwezi wa Aprili. Anselme alirudi nyumbani Oktoba.

Sitaueleza uso wake wote. Jicho moja lilikuwa zima. Sikio la upande huo pia. Mdomo ulivutwa kando, hata akinywa supu ilibidi ashikilie kitambaa. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimeshikana kama mishumaa iliyosahauliwa juani. Kwa yule mtu aliyekata jicho la njiwa, hiyo peke yake ilitosha. Léocadie alikitoa kioo ukutani kabla hajaingia, na Anselme akaona msumari.

"Rudisha kioo, dada," alisema. "Nimeshajiona kwenye macho ya abiria wa treni. Kioo kina adabu zaidi."

Alimsimulia mara moja tu, naye Léocadie alimsimulia mama yangu, na mama yangu alinisimulia mimi uzeeni, akiwa ameshika kikombe kitupu. Ndani ya kifaru walikaa watu sita. Mafuta yaliwekwa mbele, karibu na miguu ya dereva. Mlango ulikuwa mmoja, nyuma, mdogo. Mzinga wa Wajerumani ulipiga mbele. Anselme alikuwa wa karibu zaidi na mlango, ndiyo maana alitoka. Wale wengine aliwasikia. Vifaru vilikuwa vingi kwenye tambarare ile, vikiwaka kimoja baada ya kingine, na aliyevibuni, alisema, lazima alikuwa mtu aliyepanga kukaa mbali.

Sasa, mwezi uleule aliorudi, karakana ilipata kazi kubwa. Mchoro ulitoka Paris, kwa mchoraji mwenye jina. Picha iliitwa "Vifaru Vyetu Vyavunja Ngome", nayo ilikusudiwa kuuzwa kwenye mikutano ya kukopesha serikali fedha za vita, kisha kutundikwa madarasani. Nimekaa chini ya picha hiyo utoto wangu wote, ninaijua kama mkono wangu. Kushoto kuna kifaru kinapanda kilima. Juu ya kifaru, juu kabisa, wamesimama askari watatu wenye mashavu ya waridi, mmoja anapunga kofia, mwingine ameshika bendera. Kulia kuna ngome ya Wajerumani inawaka moto. Mbele kuna maua mekundu ya shambani. Hakuna aliyetoka jasho. Hakuna hata mwenye matope kwenye kiatu.

Mama yangu alipoiona mara ya kwanza alisema, "Hawa wamepanda kifaru au gari la harusi?"

"La harusi," alisema Léocadie. "Wanamfuata bibi arusi." Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Aliikunja picha moja ambayo haijatiwa rangi akaiweka ndani ya aproni.

Nyumbani aliitandaza mezani, kati ya mkate na jibini. Anselme aliinamisha jicho lake zima karibu na karatasi, akaipitia polepole, kama afanyavyo mkata bati anayetafuta pa kuanzia.

"Nani kachora?"

"Mtu wa Paris."

"Alikaa wapi akichora? Ndani?"

"Anselme, kula."

"Ninauliza tu. Ningependa kumfahamu, maana naona yeye aliuona mlango wa juu. Sisi tulikuwa hatuna." Alifuta mdomo kwa kitambaa. "Nani kakata bati la nyekundu?"

"Mzee Valdenaire mwenyewe. Macho yake mabovu. Maua yamekuwa kama viazi."

"Na moto wote umewekwa kwa Wajerumani."

"Wote."

Anselme akaisukuma picha kwa kisigino cha mkono. "Wana bahati hao watatu. Waambie wasishuke."

Yangeishia hapo. Lakini Jumatano Meya Houillon alikuja nyumbani kwao, kofia mkononi, akaketi kwenye kiti kizuri bila kuambiwa. Alikuwa muuza mbao, mnene, mwenye machozi ya karibu. Nimewahi kusoma hotuba zake. Mtu huyu alilia kwa kila kijana aliyempeleka vitani, na hakukosa chakula cha mchana hata siku moja.

"Kijana wangu," alimwambia Anselme, huku akitazama jiko. "Jumapili tuna mkutano kwenye ukumbi wa soko. Picha zitauzwa. Mji wote utakuwepo. Na sisi tunaye mtu wa vifaru, wetu wenyewe! Utakaa jukwaani, chini ya picha. Huhitaji kusema neno."

"Nitakaa na uso huu, mheshimiwa?"

Meya alikohoa. "Tumefikiria. Kofia yako ya ngozi, na skafu. Skafu nzuri, mke wangu ameitoa. Ya hariri. Ifike hapa." Akagusa chini ya macho yake.

"Basi mnahitaji kofia na skafu tu," alisema Léocadie. "Zifungeni kwenye fimbo."

"Bi Thiriet, sikuja kugombana. Baridi inakuja. Unajua makaa mwaka huu yanagawiwa na ofisi yangu, na unajua nina moyo wa kuwasaidia majeruhi. Lakini mji nao unapenda kuona majeruhi wanausaidia."

Anselme alikuwa anakohoa kila asubuhi, na nyumba yao ilikuwa upande wa kaskazini.

Meya alipoondoka, skafu ilibaki mezani. Anselme aliigusa kwa upande wa mkono usio na hisia, kisha kwa upande wenye hisia. "Hariri kweli," alisema.

"Hutakwenda."

"Nitakwenda. Unataka tuchome viti? Si kukaa tu, dada? Nimeshakaa pabaya zaidi." Baadaye, akiwa amempa mgongo, akasema jambo ambalo Léocadie hakulisahau, na mama yangu hakulisahau, nami naliandika ili lisiishie kwangu: "Huruma siitaki. Ila nisingependa kuimbiwa chini ya ule uongo, nikiwa nimefungwa mdomo kwa hariri. Wale watano watafikiri nimekubali."

Kesho yake karakana ilianza kutia rangi fungu la Remonvaux, picha za kuuzwa Jumapili. Njano ikapita, bluu ikapita, kahawia ikapita. Zikafika kiti cha tatu. Léocadie alilaza bati la nyekundu, akalitazama, halafu kwa mikono miwili akalisogeza kushoto, upana wa kiganja. Akachovya brashi.

Alipoinua bati, moto ulikuwa umetoka kwenye ngome ya Wajerumani na kukaa juu ya kifaru. Uliwashika wale askari watatu kuanzia magotini hadi nyuso, mashavu ya waridi yakazama humo, na yule aliyekuwa anapunga kofia sasa alikuwa anaomba msaada. Mchoraji wa Paris alikuwa amemchora mtu anayeungua bila kujua, kilichokosekana ni moto tu. Maua ya shambani yalihamia kwenye matope yakawa madoa. Bendera ilibaki bila nyekundu yake, na nyekundu hiyo ikaning'inia hewani pembeni, haina mwenyewe.

Mama yangu, ambaye kazi yake ilikuwa kupokea na kutundika kwenye kamba, aliishika karatasi kwa ncha.

"Umeteleza, mwenzangu," alinong'ona. Alikuwa hajawahi kumwambia maneno hayo.

"Sikuteleza."

"Léo. Umeteleza. Chana hii, tuanze nyingine."

Léocadie alilaza bati juu ya karatasi ya pili, akalisogeza palepale, akapiga brashi. Akainua. Ikawa ileile. Akamsukumia.

"Watakufunga, bibi wee."

"Tundika, Zélie. Inachuruzika."

Mama yangu akatundika. Zilikauka kwa mistari, kifaru kinaungua, kifaru kinaungua, kifaru kinaungua. Msichana wa njano alianza kulia, na wengine wakamfokea anyamaze. Hakuna aliyekwenda kumwita mzee Valdenaire. Yeye hakukagua kazi ya kiti cha tatu, hakuwahi kuwa na sababu. Na zilipofungwa mafurushi, mama yangu aliweka juu ya kila furushi picha moja safi ya majaribio. Hilo alinieleza mwisho kabisa, kwa sauti ndogo, kama mtu anayekabidhi ufunguo.

Jumapili ukumbi ulijaa. Kulikuwa na bendi ya wazee, kwa sababu vijana wa bendi hawakuwepo. Anselme alikaa jukwaani, kofia ya ngozi, hariri mpaka chini ya macho. Ukutani nyuma yake pazia dogo lilifunika picha, iliyoletwa na karakana ikiwa imefunikwa tayari. Meya alisema alichosema. Wanafunzi wakaimba. Kisha akavuta pazia huku akitazama watu, wala si picha, na mkono wake ukabaki juu.

Halafu mwanamke mmoja wa safu ya mbele, mama Houssot, ambaye mwanawe naye alikuwa kwenye vifaru na hajulikani alipo, aliinuka na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mbona mwanangu anaungua?"

Meya akageuka. Alifungua furushi, akachomoa picha safi ya juu, akaikunjua kwa furaha, kisha akachomoa ya pili, na ya tatu. Rangi ilimtoka.

"Ni kosa la karakana!" alipaza sauti. "Tulieni. Ni wanawake wa rangi, wameteleza. Kosa la mikono tu!"

Mzee Valdenaire alipanda jukwaani akizishika picha karibu na pua. Alizilinganisha. Wote waliofanya kazi kwake walijua anachokiona: mkono unaoteleza unapeleka rangi huku na huko, hauirudishi pahali pamoja karatasi baada ya karatasi. Alimtafuta Léocadie kwa macho yake mabovu, akamwona amesimama ukutani.

"Bi Léocadie," alisema, na sauti ilikuwa ya kuomba. "Siku zimekuwa ndefu. Umechoka, na nyumbani una mgonjwa. Uliteleza. Sema tu uliteleza, mama, twende zetu."

Mlango huo ulikuwa wazi. Angesema neno moja, picha zingechanwa kama picha yoyote iliyoharibika, angeitwa mke wa punda, angebaki na kiti chake na makaa yake. Na kifaru kingekuwa hakijaungua. Kingekuwa kimeharibiwa na mkono wa mwanamke aliyechoka.

"Mimi?" alisema Léocadie. Ile sauti ya kuitia ng'ombe ilijaza ukumbi. "Nimeshika nyekundu kabla huyu bwana hajawa meya. Nani hapa aliwahi kuniona nimeteleza? Inukeni! Aliyeteleza ni wa Paris. Mimi nimeurudisha moto pale ulipokuwa."

Watu wakaanza kupiga kelele. Wengine walimwita msaliti, wengine walimwita mwendawazimu, na wapo waliolia. Meya alikuwa anamwita askari polisi kwa jina. Katikati ya vurugu hiyo Anselme aliinuka kwenye kiti. Hakuwa anafanya ushujaa. Skafu ilikuwa imepanda ikamziba jicho, naye alitaka kuona. Aliivuta chini kwa kidole gumba, ikaanguka, akaigeukia picha ukutani akaisogelea mpaka karibu kuigusa, jinsi alivyokuwa akikagua bati. Ukumbi uliuona uso wake kwa upande, kisha wote.

Alichukua muda wake. Watu wa mbele walinyamaza, wa nyuma wakafuata.

"Nyepesi," alisema hatimaye, akigeuza shingo kumtafuta dada yake. "Umetia maji mengi, dada. Pale ilikuwa nzito zaidi, yenye weusi."

"Rangi ya vita hiyo," Léocadie alimjibu kutoka ukutani. "Wanatuletea vumbi la matofali."

"Mkao ni sawa, lakini."

"Ni sawa?"

"Sawa kabisa."

Wakamchukua Léocadie kwa mlango wa pembeni. Picha zilichomwa uani kwa meya kabla bendi haijafungasha vyombo. Mama Houssot aliondoka na moja chini ya shali, ikafuatwa nyumbani kwake na kuchomwa nayo. Mahakama ilimwona Léocadie na hatia ya kuvunja moyo wa raia na kuidhalilisha bendera, na alikaa gerezani mpaka vita vilipokaribia kwisha. Hakutaja jina la mtu yeyote wa karakana. Makaa ya nyumba ya Thiriet hayakuletwa. Wanawake wa meza ile walimpelekea Anselme kuni kwenye aproni zao, kwa zamu, wakipita njia ya mtoni wasionekane, na hicho ndicho kitu pekee ambacho mji huu ulikifanya vizuri. Kifua chake kilidumu miaka mitatu.

Karakana ilichapa fungu jingine, safi. Ndilo lililotundikwa darasani. Niliingia darasa la kwanza, wakanifundisha kuhesabu kwa askari wale watatu. Jina la Anselme halimo kwenye mnara wa mashujaa uliopo mbele ya ukumbi, kwa kuwa alifia kitandani, baada ya tarehe waliyoichagua. Jina la Meya Houillon limo, chini, kwa herufi za dhahabu, kama aliyeujenga. Nikipita hapo huvuka barabara. Najua hasira haimfufui mtu. Lakini nimeshawaona wanaoishi bila hiyo, na wao ndio walioiacha picha ile ukutani vita vya pili vikaikuta bado ipo, na watoto waliofundishwa chini yake wakapanda kwenye vifaru vingine.

Alipotoka gerezani Léocadie alikuta hakuna karakana wala duka litakalompa kazi. Alifua mashuka ya hospitali kwa miaka ishirini na kitu. Mama yangu alikuwa akimpelekea keki ya plamu kila siku ya Watakatifu Wote, wakala wote wawili kimya, wakigombana tu kuhusu sukari.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona. Ana miaka sabini na minane. Anaishi nyumba ya wazee ya masista, ng'ambo ya Mto Moselle, chumba cha chini, kitanda cha karibu na mlango. Alikichagua mwenyewe: Anselme, aliniambia, alitoka kwa sababu alikuwa karibu na mlango.